Lucille: Gitaa lililookolewa motoni

HEBU fikiria, msomaji. Nyumba imeshika moto usiku wa manane. Watu wametoka nje mbio wakikohoa kwa moshi, nawe unamshukuru Mungu kwamba umetoka mzima. Mara unakumbuka kuna kitu umekiacha ndani. Je, ni kitu gani kitakachokufanya urudi?

Wazazi wengi watasema ni mtoto. Mwanafunzi huenda akataja vyeti vyake vya shule, na mfanyabiashara akataja sanduku la pesa. Lakini kijana mmoja wa Marekani alirudi ndani ya moto kufuata gitaa la dola 30, na nusura afie humo.

Kijana huyo aliitwa Riley B. King. Baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la B.B. King, na kwa kuwa jina lake la ukoo lina maana ya mfalme, mashabiki hawakupata taabu kumtawaza mfalme wa muziki wa blues. Gitaa aliloliokoa usiku ule alilipa jina la Lucille, na kila gitaa alilolipenda baada ya hapo likarithi jina hilo hilo.

Lucille alikuwa nani? Na ile sauti ya gitaa inayolia kama binadamu mwenye majonzi ilitoka wapi? Hiki ni kisa cha kusikitisha kwa upande mmoja na cha kutia moyo kwa upande mwingine.

Ugomvi ukumbini

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1949, mahali padogo panapoitwa Twist katika jimbo la Arkansas. King alikuwa hajafikisha miaka 25. Alikuwa amealikwa kupiga muziki katika ukumbi wa dansi wa watu weusi, wengi wao wakiwa vibarua wa mashamba ya pamba.

Baridi ya huko si kama ya Limuru mwezi wa Julai. Ili watu wapate joto, wenye ukumbi walikuwa na desturi ya kuweka pipa katikati ya sakafu, wakalijaza mafuta taa hadi nusu na kuliwasha moto. Watu walicheza dansi wakilizunguka pipa hilo, na kwa kawaida hakuna aliyeligusa.

Usiku huo wanaume wawili wakaanza kupigana. Wakavutana, wakasukumana, wakaliangukia pipa. Mafuta yaliyokuwa yakiwaka yakamwagika na kuenea sakafuni, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima ukawa moto. Kila mtu akawa mguu niponye, King akiwa miongoni mwao.

Alipofika nje ndipo alipokumbuka gitaa lake. Akageuka, akajitosa tena ndani. Jengo lilikuwa limeanza kuporomoka alipotoka nalo, akaponea chupuchupu.

Kesho yake akapata habari mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wawili walikuwa wameteketea katika moto huo. Ya pili ni kwamba wale wanaume walikuwa wakimgombania mwanamke aliyefanya kazi pale ukumbini. Jina lake lilikuwa Lucille.

King hakuwahi kukutana na mwanamke huyo. Hata hivyo, alilitwaa jina lake akalipa gitaa, ili limkumbushe maisha yake yote asirudie upumbavu kama ule: kuingia katika nyumba inayoungua, au kupigania mwanamke.

Mtoto yatima wa mashamba ya pamba

Msomaji anaweza kujiuliza: gitaa la dola 30 lina thamani gani hata mtu ahatarishe maisha yake? Jibu liko katika utoto wa King.

Alizaliwa Septemba 16, 1925, karibu na Itta Bena katika jimbo la Mississippi, katika nchi ya pamba ambako weusi walilima na weupe wakavuna faida. Wazazi wake walitengana alipokuwa mdogo. Mama yake akafariki kabla mtoto hajabaleghe, akabaki mikononi mwa nyanya yake. Haikupita miaka mingi, nyanya naye akafariki. Kijana akajikuta peke yake, akichuma pamba na baadaye kuendesha trekta ili apate riziki.

Katika upweke huo, muziki ndio uliokuwa ndugu yake. Mhubiri mmoja, aliyekuwa na uhusiano wa ndoa na ukoo wao, alikuwa akipiga gitaa kanisani, naye ndiye aliyemwonyesha namna ya kuanza. Mama mmoja wa ukoo wao alikuwa na gramafoni, na hapo mtoto alizisikia santuri za Blind Lemon Jefferson na Lonnie Johnson. Gitaa lake la kwanza liligharimu dola 15, fedha nyingi kwa kibarua wa shambani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alikwenda Memphis, mji ulio kando ya mto Mississippi, kujaribu bahati yake. Huko akapata kipindi katika redio ya WDIA, kituo kilichotia fora mwaka 1949 kwa kuwa cha kwanza nchini Marekani kuelekeza matangazo yake yote kwa wasikilizaji weusi. Watangazaji wakambandika jina la kijana wa blues wa Barabara ya Beale. Jina hilo likafupishwa, likafupishwa tena, mwishowe zikabaki herufi mbili tu: B.B.

Kwa kijana aliyepoteza mama, nyanya na nyumba, gitaa ndilo lililokuwa jembe lake, ndilo lililokuwa mlo wake wa kesho. Labda sasa tunaweza kufahamu ni kwa nini alirudi motoni.

Gitaa la umeme hufanyaje kazi?

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze jambo moja kwa faida ya vijana wetu walio shuleni. Gitaa la kawaida hupata sauti yake kutoka kwa kifua chake. Uzi ukipigwa hutetemeka, mbao nazo zikatetemeka, na hewa iliyomo ndani ikaikuza sauti.

Gitaa la umeme lina njia nyingine. Chini ya nyuzi zake za chuma huwekwa sumaku zilizozungukwa na waya mwembamba wa shaba uliosokotwa mara maelfu. Uzi unapotetemeka juu ya sumaku huvuruga nguvu za sumaku hiyo, na katika ule waya ukapita umeme kidogo sana. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya, ukakuzwa, ukatoka kwenye spika ukiwa sauti kubwa.

Ufundi huu ulianza kuuzwa madukani katika miaka ya 1930. Kampuni ya Rickenbacker ilitoa gitaa lake la kwanza la umeme mwaka 1932, na kwa jinsi lilivyokuwa na kifua cha mviringo na mkono mrefu, watu wakalibatiza jina la kikaango. Gibson ikafuata mwaka 1936 na gitaa lililoitwa ES-150.

Kabla ya hapo, mpiga gitaa katika bendi yenye tarumbeta na ngoma alikuwa kama mtu anayenong'ona sokoni. Umeme ulimpa sauti ya kusimama mbele. Mmoja wa waliotangulia kuitumia nafasi hiyo katika blues ni T-Bone Walker, na King alipomsikia, hakutaka tena kitu kingine ila gitaa la umeme.

Kuziba matundu kwa vitambaa

Lucille wa kwanza, yule wa motoni, alikuwa gitaa dogo la Gibson aina ya L-30, lenye kifua chenye uwazi kama magitaa ya kawaida, likiwa limefungwa kifaa cha kunasa mtetemo wa nyuzi. Katika miaka iliyofuata King alipitia magitaa kadhaa ya Gibson, hata ya mpinzani wake Fender, na yote akayaita Lucille.

Lakini kifua chenye uwazi kilikuwa na kasoro. Amplifaya ikifunguliwa sana, sauti ya spika huingia tena ndani ya gitaa, mbao zikatetemeka upya, na mara ukazuka mlio mkali wa kuumiza masikio. Kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara anaujua mlio huo: ndio ule unaosikika kipaza sauti kinapoelekezwa kwenye spika.

Mwaka 1958 Gibson ilileta gitaa la ES-335, ambalo lilikuwa kama ndoa ya magitaa mawili. Pande zake zilikuwa na uwazi, lakini katikati, kutoka shingoni hadi chini, palipitishwa gogo la mbao ngumu. Uwazi uliipa sauti joto na uzito, na gogo likapunguza ule mlio na kuufanya uzi ulie kwa muda mrefu zaidi. Ndugu yake wa kifahari, aliyepambwa kwa dhahabu, akaitwa ES-355. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Lucille anayejulikana na wengi.

Ndani ya gitaa hilo kulikuwa na uvumbuzi mwingine. Katikati ya miaka ya 1950, fundi wa Gibson aitwaye Seth Lover alitumia koili mbili badala ya moja, zikiwa zimepangwa ili kila moja ifute mvumo wa umeme ulionaswa na mwenzake. Mvumo ukatoweka, ikabaki sauti nene iliyo laini kama siagi.

Hata hivyo King hakuridhika. Gitaa lilikuwa bado na matundu mawili kifuani, yale yenye umbo kama herufi f, naye akawa akiyaziba kwa vitambaa ili kuuzuia ule mlio. Mwaka 1980 Gibson ikamsikiliza, ikaanza kutengeneza gitaa lake maalumu lisilo na matundu kabisa. Jina la Lucille likaandikwa kichwani kwa lulumizi.

Sauti ilitoka wapi hasa?

Baada ya maelezo hayo ya mbao, sumaku na koili, msomaji anaweza kudhani siri imefichuka. La, hasha! Mtu mwenye pesa anaweza kwenda dukani akanunua gitaa la Lucille, akaliunganisha na amplifaya nzuri, akalipiga kutwa kucha, asitoe sauti ya B.B. King.

Siri yenyewe ilizaliwa kutokana na kushindwa. King alipokwenda Memphis mara ya kwanza alikaa kwa Bukka White, binamu wa mama yake, aliyekuwa hodari wa kupiga gitaa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mtindo huo huifanya sauti ipande na kushuka bila kukatika, kama mtu anayeomboleza. King aliupenda mno. Alijaribu, akajaribu tena, akashindwa. Vidole vyake havikutaka kusikia habari za kile chuma.

Basi akatafuta njia ya panya. Badala ya chuma, aliubonyeza uzi kwa kidole kimoja, kisha akautikisa mkono wote wa kushoto kwa haraka, huku vidole vingine vikipepea hewani kama mabawa ya kipepeo. Uzi ukatoa sauti inayotetemeka, sauti ya mtu anayekaribia kulia lakini anajizuia. Alichokuwa akitafuta kwa mjomba wake alikipata, tena kikawa chake peke yake.

Udhaifu wake mwingine ulikuwa wa ajabu kwa mwanamuziki wa kiwango chake: hakuwa hodari wa kubonyeza nyuzi kadhaa kwa pamoja ili kumsindikiza mwimbaji, kazi ambayo hata mwanafunzi wa kwaya huijua. Katika filamu ya kundi la U2 iliyotoka mwaka 1988, alikiri jambo hilo bila aibu mbele ya vijana hao wa Ireland.

Wala hakuweza kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Aliimba mstari mmoja, akanyamaza, ndipo Lucille akajibu. Kisha Lucille akanyamaza, naye akaendelea. Wasikilizaji wakaona kama mume na mke wanazungumza jukwaani, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi. Wengi walidhani ni ubunifu mkubwa, na kweli ulikuwa ubunifu, ila ulianzia kwenye upungufu.

Nyimbo zikafuata. Wimbo wa "3 O'Clock Blues" uliongoza orodha ya nyimbo za weusi mwaka 1952. Onyesho lake la Novemba 1964 katika ukumbi wa Regal, Chicago, lilirekodiwa na kuwa santuri ambayo wapiga gitaa huisoma kama kitabu cha shule. Na "The Thrill Is Gone", wimbo ambao Roy Hawkins alikuwa ameurekodi mwaka 1951, King aliurekodi upya mwaka 1969 ukamletea tuzo ya Grammy mwaka 1971.

Lucille afika Kinshasa

Sisi wa Afrika hatukuachwa nyuma. Mnamo Septemba 1974, King na Lucille walitua Kinshasa kwa tamasha la muziki la siku tatu lililoandaliwa sambamba na pigano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alikatika karibu na jicho akifanya mazoezi, na pigano likaahirishwa hadi Oktoba 30. Muziki haukungoja.

Waliopanda jukwaani ni pamoja na James Brown, Bill Withers, Miriam Makeba na Celia Cruz, huku wenyeji wakiwakilishwa na Franco na bendi yake ya TPOK Jazz pamoja na Tabu Ley Rochereau. Picha zilizopigwa hapo zilikaa miaka mingi kabla ya kutolewa kama filamu ya "Soul Power" mwaka 2008.

Kwa wasomaji waliolelewa na rumba ya Kongo, mkutano huo una ladha yake. Katika bendi za Kinshasa, magitaa matatu au manne hufumana kama ukili wa mkeka, kila moja likiwa na njia yake, na mchezaji dansi akabebwa na yote kwa pamoja. Lucille alikuwa kinyume cha hayo: uzi mmoja, sauti moja, na ukimya katikati. Wote ni watoto wa Afrika, lakini mmoja alilelewa kwenye ngoma na mwingine kwenye mashamba ya utumwa.

Mke mwenza

Itakuwa si haki tukisifu tu. Lucille alikuwa na gharama yake nyumbani. Mwaka 1956 pekee King alifanya maonyesho 342, yaani katika siku 366 za mwaka huo alibakiwa na siku 24 tu. Alioa mara mbili, na ndoa zote mbili zikavunjika, lawama kubwa ikiwa ni safari zisizokwisha. Gitaa lililopewa jina ili kumwonya dhidi ya ugomvi juu ya mwanamke, lenyewe likageuka mke mwenza.

Lakini heshima lilimletea. Mnamo Desemba 1997 alipiga muziki huko Vatican na kumzawadia Papa Yohana Paulo wa Pili gitaa la Lucille. Mwaka 2005, alipotimiza miaka 80, Gibson ilitengeneza magitaa 80 ya kumbukumbu na kumpa lile la kwanza kabisa.

Gitaa hilo liliibwa mwaka 2009. Mnunuzi mmoja alilikuta katika duka la rehani huko Las Vegas, akalinunua bila kujua ni la nani. Alipogundua, alimrudishia mwenyewe, naye King akamshukuru kwa kumpa Lucille mwingine aliyetiwa saini yake. Mwaka 2019, miaka minne baada ya kifo cha King, gitaa lile lililorudishwa lilipigwa mnada kwa dola 280,000. Linganisha na zile dola 30 za Twist!

King alifariki mjini Las Vegas Mei 14, 2015. Mwili wake ulipopitishwa katika Barabara ya Beale, Memphis, Lucille alibebwa mbele ya gari la maiti. Alizikwa Indianola, Mississippi, penye jumba la makumbusho lenye jina lake, si mbali na mashamba aliyoyalima akiwa kijana.

Mchagua jembe

Wako vijana wengi mijini wanaosema wangekuwa wanamuziki lau wangepata gitaa la maana, au wangepasi mitihani lau wangekuwa na vitabu kama vya watoto wa matajiri. Vifaa vina umuhimu wake, hatukatai. Lakini Lucille hakuwa gitaa moja. Alikuwa magitaa mengi, ya bei rahisi na ya bei ghali, na kila moja lilipofika katika mkono ule wa kushoto liliongea kwa sauti ile ile.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Yule kijana wa pamba aliyejua jembe ni nini hakuwa na la kuchagua. Aliposhindwa kupiga kama mjomba wake hakulitupa gitaa. Alitafuta kile ambacho vidole vyake viliweza, akakifanya kila siku kwa zaidi ya miaka sitini.

Na tusiwasahau wale wawili walioteketea usiku wa Twist. Waliopigana hawakukusudia kuua mtu. Walikuwa na hasira tu, na pipa la moto lilikuwa karibu. Ndiyo maana King, kila alipoulizwa jina la gitaa lake, hakuchoka kusimulia kisa kile tangu mwanzo.